Pauni 66 zilikuwa wapi? Kisa cha nafuu ya umeme na makato ya benki

Kisa hiki ni cha majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, katika mji mmoja wa Uingereza. Kila Jumamosi asubuhi tunakaa watu watatu kwenye ukumbi wa kuazima, meza moja na birika la chai, na Waswahili wenzetu wanatuletea barua zilizowashinda: za halmashauri, za shule, za mwenye nyumba. Mwaka ule zilikuwa za umeme na gesi, wiki hadi wiki. Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Jina lake, mji na kampuni yake tumeviondoa; humu ataitwa Dada M.

Nimekichagua kisa chake kwa sababu nafuu yake ya umeme kutoka serikalini haikuibwa hata senti moja, na sisi tuliojifanya wajuzi tulichukua wiki sita kuliona hilo.

## Hali ilivyokuwa

Dada M. anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe anafanya zamu za usiku ghalani. Wana watoto watatu, na kijana mmoja mpangaji anayelala chumba kidogo cha mbele na kulipa kodi ya jumla, umeme na gesi humo humo. Nyumba yenyewe ni ya kupanga. Walihamia mwanzoni mwa Novemba 2021, wakasoma mita zote mbili siku ile ile na kutuma namba kwa kampuni. Tangu hapo hakuna aliyezitazama tena. Mita zenyewe si zile zinazojituma namba. Ya umeme imo kabatini chini ya ngazi, nyuma ya mabegi ya safari, na ya gesi imo kwenye kisanduku cha plastiki ukutani nje.

Alikuwa akilipa kwa dairekti debiti, yaani umeipa kampuni ruhusa ikate yenyewe benki. Kila mwezi pauni 118.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana nusu ya kisa iko hapa. Mtu aliyekulia kwenye LUKU, au kwenye tokeni za Kenya, amezoea pesa na umeme vitazamane uso kwa uso. Unalipa, unaingiza tarakimu, unaona uniti zako. Zikiisha, giza. Dairekti debiti haiko hivyo. Kampuni inakadiria utatumia kiasi gani mwaka mzima, inagawa kwa 12, kisha inakata kiasi kile kile Julai na Januari. Ni kibubu. Kiangazi unatumbukiza zaidi ya unachokula, baridi unakula ulichotumbukiza. Kinachokatwa benki si bili. Bili inakaa kwenye akaunti yako kule kwenye kampuni: upande mmoja ulivyotumia, upande mwingine ulivyolipa, na chini yake salio.

Upande wa serikali, mambo yalibadilika mara kadhaa ndani ya miezi michache, na kila badiliko liliacha uvumi wake mitaani. Februari 2022 Rishi Sunak, wakati huo waziri wa fedha, alitangaza punguzo la pauni 200 ambalo watu wangelirudisha kidogo kidogo kwa miaka mitano. Mei akaongeza hadi pauni 400 na kufuta urudishaji. Lakini neno "mkopo" lilikwisha tembea, na hata Oktoba tulikuwa tukiulizwa mezani kama kuna riba. Wakati huohuo ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, ambao kwa nyumba ya matumizi ya kawaida ulikuwa pauni 1,277 kwa mwaka Oktoba 2021 na 1,971 Aprili 2022, ulikuwa unakwenda kuwa 3,549. Septemba 8 Liz Truss, waziri mkuu wakati huo, akatangaza dhamana ya bei: serikali ingebeba sehemu, nyumba ya kawaida ilipe kama 2,500.

Kwa hiyo zilikuwa nafuu mbili, na watu wengi walizichanganya. Ya kwanza, ile dhamana, ilikuwa imeshafichwa ndani ya bei ya uniti. Huwezi kuiona ikiingia popote. Ya pili ndiyo ile ya pauni 400, iliyogawanywa mara sita: pauni 66 Oktoba, 66 Novemba, kisha 67 kila mwezi kuanzia Desemba hadi Machi. Hii ilifuata mita ya umeme ya nyumba, si mtu, na hakukuwa na fomu ya kujaza. Njia ya kuifikisha ilitegemea unavyolipa. Wenye mita za zamani za kulipia kabla walipewa vocha za kupeleka dukani au posta. Wanaolipa baada ya kupata bili waliwekewa kama salio kwenye akaunti. Na wa dairekti debiti walikuwa mikononi mwa kampuni: nyingine zilipunguza makato yenyewe, nyingine zilikata yote kisha zikarudisha 66 benki.

Hiyo tofauti ya mwisho ndiyo iliyowasha moto.

## Mambo yalivyokwenda

Katikati ya Septemba kampuni ilimwandikia Dada M. barua pepe: kuanzia Oktoba makato yako yatakuwa pauni 261. Hakuifungua. Ilikuwa kati ya matangazo ya viatu na ujumbe wa shule.

Oktoba 3 benki ikakatwa pauni 195.

Wiki iliyofuata binamu yake, anayeishi mji mwingine na yuko na kampuni nyingine, akaweka picha kwenye kundi la familia la WhatsApp: pauni 66 zimeingia, zimeandikwa ni za serikali. "Wewe umepata?" Dada M. akafungua benki yake. Hakuona kilichoingia. Alichoona ni 118 imekuwa 195.

Siku hizo hizo akapata ujumbe wa simu wenye kiungo, ukimwambia ana haki ya pauni 400 za nishati na aombe kabla muda haujapita. Kwa mtu ambaye ameshaamini amedhulumiwa, ujumbe ule ulikuwa jibu la dua. Alijaza jina na anwani. Ilipofika namba za kadi, mwanawe mkubwa, wa miaka kumi na tano, akamnyang'anya simu.

Jumatano ya Oktoba 12, kwa hasira, akaingia kwenye programu ya benki na kufuta dairekti debiti. Jumamosi tarehe 15 akaja mezani kwetu.

"Kaka, mimi nataka sitini na sita zangu tu. Hiyo nyingine waachie."

Nilimjibu kwa haraka mno. Nilimwambia apige simu kampuni adai arudishiwe benki kama binamu yake. Tulipiga pamoja, simu ikiwa juu ya meza na muziki wa kusubiri ukilia kwa dakika hamsini kasoro. Mhudumu alipopokea alisema, kwa upole kabisa, kwamba nafuu ya Oktoba ameshapewa. Dada M. akaniangalia. Mimi nikamwambia mhudumu aangalie tena. Akaangalia tena: ameshapewa. Tukakata simu tukiwa na hakika kwamba mhudumu hajui kazi yake.

Novemba ikawa inakwenda bila chochote kukatwa wala kuingia benki, na Dada M. akaona hilo kama ushahidi wa pili. Kwenye tarehe 20 na kitu ikaja bili: anadaiwa pauni 187, alipe ndani ya siku kumi na nne.

## Tulichoamua, na kwa nini

Bili ile ndiyo iliyotuokoa, kwa kuwa ilikuwa na mistari. Jumamosi ya Novemba 26, mwenzangu mmoja, aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu Tanga na hana subira na maneno mengi, aliichukua akainakili kwenye karatasi kwa mkono:

Deni lililokuwapo mwisho wa Septemba: 96.
Malipo ya benki Oktoba: 195.
Nafuu ya serikali Oktoba: 66.
Nafuu ya serikali Novemba: 66.
Umeme na gesi tangu Oktoba 1 (makadirio): 418.
Anadaiwa: 187.

Akachora duara kwenye 195 na 66 ya kwanza, akaandika pembeni 261. "Barua ya Septemba ilisemaje?" Tukaitafuta kwenye simu ya Dada M. Ilisema 261. Basi ndiyo hiyo. Kampuni yake ilikuwa kati ya zile zinazopunguza makato. Sitini na sita zake zilikuwa ndani ya 195 tangu siku ya kwanza, ila zimo kama pengo. Hazikuwa pesa za kuhesabika. Binamu yake alikatwa yote na kurudishiwa. Yeye alikatwa pungufu. Mfukoni ni kitu kimoja.

Lakini mwenzangu hakuishia hapo. Akachora duara la pili kwenye neno "makadirio", na hapo ndipo kesi yenyewe ilipogeuka. Deni la 96 lilitoka wapi kama hajasoma mita mwaka mzima? Na hiyo 261 imepigwa kwa hesabu ya matumizi ya nani?

Tulienda nyumbani kwake mchana huo huo. Mabegi yakatolewa, mpangaji akashika tochi ya simu, mimi nikapiga picha ya mita ya umeme. Ya gesi kisanduku chake kilikuwa kimeganda kwa baridi, tukakifungua kwa kijiko. Jambo moja kwa anayesoma mita kama ile: tarakimu nyekundu, au zile baada ya nukta, hazitumwi. Mtu akizituma anajizidishia matumizi mara kumi au zaidi. Jingine ni kwamba gesi ya mita hizi hupimwa kwa mita za ujazo lakini hulipiwa kwa uniti kama za umeme. Ujazo mmoja ni takriban uniti 11.

Tangu walipohamia, mwaka na wiki chache, walikuwa wametumia uniti 3,100 za umeme na mita za ujazo 980 za gesi, karibu uniti 11,000. Kampuni ilikuwa imekadiria 3,800 na 1,190. Yaani walikuwa wakilipishwa uniti 700 za umeme na ujazo 210 za gesi ambazo hazikuwashwa na mtu. Nyumba ile mchana haina mtu. Huenda makadirio yalirithiwa kutoka kwa waliokaa kabla yao. Kampuni haikutuambia, na hatukuhitaji kujua.

Kisha tukafanya uamuzi wa mambo matatu.

La kwanza, kutopeleka madai benki. Jamaa mmoja alikuwa amemshauri atumie dhamana ya dairekti debiti, ambayo inamlazimu mkataji akutaarifu mapema kiasi kikibadilika, na inailazimu benki ikurudishie pesa ikiwa kumefanyika kosa katika ukataji. Ni kinga nzuri. Ila taarifa alipewa, tena mapema, na kilichokatwa ni kile kile kilichotajwa kwenye barua, kutoa nafuu. Angerudishiwa 195 leo na kudaiwa hiyo hiyo wiki ijayo, na deni juu yake.

La pili, kutuma namba za mita siku ile ile pamoja na picha, na kuomba bili ipigwe upya kabla ya kulipa chochote.

La tatu lilizua ubishi kati yetu: arudishe dairekti debiti au abaki analipa bili ikija? Yeye alitaka abaki, "nione ninachokilipa." Nilimwelewa. Lakini bei ya wanaolipa baada ya bili ilikuwa juu kuliko ya dairekti debiti, na familia ya zamu mbili inayopata bili ya Januari kwa mkupuo mmoja inaingia shimoni. Tukakubaliana arudi, kwa sharti kwamba kiasi kitokane na mita na si makadirio. Tulipiga hesabu kwenye bahasha. Umeme uniti 3,100 kwa peni 34, gesi 11,000 kwa peni 10.3, halafu ada ya kila siku, peni 46 kwa umeme na 28 kwa gesi. Jumla inakuja pauni 2,457 kwa mwaka. Gawa kwa 12: chini kidogo ya 205.

## Matokeo

Namba zilipoingia, bili ilipigwa upya na deni la 187 likageuka akiba ya pauni 131. Kwa makato mapya kampuni ilitaja 225. Tulisema 205 na kuwauliza wametumia hesabu gani, kwa kuwa masharti ya leseni zao yanawataka makato yatokane na taarifa bora na mpya kabisa walizo nazo, na wamweleze mteja waziwazi. Mhudumu akaenda akarudi. Tukafunga kwa 210.

Desemba benki ikakatwa 143, yaani 210 kutoa 67. Ikawa hivyo Januari, Februari na Machi. Nafuu zote sita zikatimia: 66 mara mbili, 67 mara nne, pauni 400 kamili.

Ule ujumbe wa ulaghai tuliutuma kwa 7726, namba ya bure ya mitandao ya simu ya kupokea ujumbe wa aina hiyo. Benki yake ilipigiwa simu siku ile ile kwa tahadhari.

Tulimwonya pia kuhusu Aprili. Nafuu ikiisha, 143 ingepanda kuwa 210 bila bei kupanda hata peni. Aliandika kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu nyekundu: "4 – si wizi."

## Uchambuzi

Kosa langu la Oktoba 15 lilikuwa kuanza na benki. Swali la kwanza lingekuwa "nionyeshe taarifa ya akaunti yako ya kampuni", si "benki imeingiza nini". Benki inaonyesha mwisho wa hesabu tu: 195, tarakimu moja ambayo ndani yake kulikuwa na bei iliyopanda, makadirio yaliyozidi, deni la bandia linalolipwa kidogo kidogo, na nafuu iliyotolewa. Vitu vinne vimesogea siku moja, vitatu vinapanda na kimoja kinashuka. Hakuna jicho linaloweza kuvitenganisha kwa kutazama benki. Mhudumu wa simu alikuwa sahihi na tulimdharau kwa sababu alitupa jibu bila mistari. Angesema "261 kutoa 66 ni 195", kisa kingeishia hapo. Kampuni nayo ina lawama yake. Barua ya Septemba ilitaja 261 na haikutaja popote kwamba Oktoba utaona 195, wala kwa nini.

Kulinganisha na binamu kulileta madhara kuliko ukimya. Sisemi watu wasilinganishe, kundi la familia ndilo gazeti letu. Lakini kwenye dairekti debiti swali la kumuuliza mwenzako ni "wewe kampuni yako inapunguza au inarudisha?", na ndilo swali tulilolibandika ukutani ukumbini tangu Desemba ile. Lilifanya kazi kubwa kuliko vikao.

Kufuta makato kwa hasira kulimgharimu, ingawa si kwa namna aliyoogopa. Nafuu ya Novemba haikupotea. Ilibadilisha mlango tu, ikaenda kwenye akaunti badala ya kupunguza makato. Kilichoharibika ni bei ya uniti ya wiki kadhaa na usingizi wake. Tungemshika wiki moja kabla, tungemwambia aache makato yaendelee na asome mita usiku ule ule. Mita ndiyo ilikuwa na pauni 318 za tofauti, kutoka deni la 187 hadi akiba ya 131, wakati sisi tumekaa tunapigania 66 ambazo alikuwa nazo tayari. Hili linaniuma mpaka leo.

Kilichofanikiwa ni karatasi ya mwenzangu wa Tanga. Kunakili bili kwa mkono, mstari kwa mstari, kunakulazimisha uulize kila tarakimu imetoka wapi. Tunafanya hivyo hadi sasa, hata kwa wale wanaopata nafuu ya pauni 150 ya majira ya baridi, ambayo nayo kwa kawaida huingia kwenye akaunti ya umeme na wenyewe wanaitafuta benki.

Na kuna jambo ambalo hatukuliona kabisa. Katika wiki zote zile, kijana mpangaji alikuwa mbele yetu ameshika tochi, na hakuna aliyemuuliza analipaje. Oktoba kodi yake ilipandishwa pauni 30, sababu ikitajwa gesi. Tangu Novemba 1, 2022, kanuni zilimtaka anayepokea nafuu hii kisha akawatoza wengine nishati awapitishie sehemu ya haki. Mwenye nyumba wa Dada M. haguswi hapo, kwa kuwa bili si yake. Anayeguswa ni Dada M. Tulimwambia mwezi Machi, kwa kusitasita, na hakubisha. Nyumba ina watu sita. Akagawa 400 kwa sita, akapata 66 na chenji, akacheka peke yake kwa kuiona namba ile tena. Akaamua ampunguzie kijana kodi pauni 11 kila mwezi kwa miezi sita.

Mei kijana alikuja mezani kwetu akiwa na simu mkononi, benki imefunguliwa. Alisema Dada M. alimwahidi pauni 66 za serikali na mpaka leo hajaona kilichoingia.